Plagi ya Gari la Zamani ni Suala la Joto

Mwenye Volkswagen Beetle 1500 ya mwishoni mwa miaka ya 1960 akifungua kitabu kilichokuja na gari, atakuta plagi iliyopendekezwa imeandikwa Bosch W 145 T 1. Akienda dukani leo atapewa W8AC ya Bosch hiyohiyo, au B5HS ya NGK, na ataambiwa kwamba ni kitu kilekile. Muuzaji hadanganyi. 145, 8 na 5 ni namba tatu za jambo moja, na jambo hilo ni joto: plagi inakaa na joto kiasi gani inapofanya kazi, na inalitoa kwa kasi gani. Ukubwa wa cheche haumo katika namba hizo hata kidogo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba historia ya kuchagua plagi, tangu injini za kwanza hadi magari yanayotunzwa leo kama kumbukumbu, ni historia ya watu waliochelewa kulitambua hilo, na wengi hawajalitambua mpaka sasa. Na kwa kuwa joto la plagi hutegemea mafuta, mwendo, mwinuko wa nchi na uchakavu wa injini, namba ya kitabuni inapaswa kusomwa kama ushahidi wa wakati wake. Ushahidi huheshimiwa, lakini pia huhojiwa.

Mwanzoni watu walihangaikia cheche yenyewe, na walikuwa na haki. Étienne Lenoir, aliyepata hataza ya injini yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860, aliiwasha kwa umeme uliopita katika plagi yenye kihami cha kauri, akitegemea koili ya Ruhmkorff na betri. Robo karne baadaye Gottlieb Daimler aliona umeme hauaminiki, akachagua mrija uliopashwa moto na taa mpaka ukawa mwekundu. Karl Benz alishikilia umeme katika gari lake la mwaka 1886, na ulimsumbua kiasi cha kuuhesabu kuwa tatizo kuu kuliko mengine yote ya gari. Jibu lilitoka Stuttgart, katika karakana ya Robert Bosch, ambako mwaka 1902 mhandisi Gottlob Honold alikamilisha magneto ya volti nyingi pamoja na plagi ya kwenda nayo. Magneto haikutaka betri; injini iliizungusha, nayo ikatoa umeme wa kutosha kuruka mwanya. Ulaya iliipokea kwa mikono miwili, hata vita vilipoanza Agosti 1914 Uingereza ikajikuta karibu magneto zake zote zilikuwa zikinunuliwa kwa adui.

Kwa hiyo cheche ilikwisha kupatikana kabla magari hayajawa mengi. Lakini biashara iliendelea kuuza cheche. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, ndiyo iliyowafundisha watu wa kawaida kununua plagi, na ndiyo iliyowafundisha vibaya. Injini yake ya lita 2.9 ilitoa nguvu-farasi 20 tu na ilibana mchanganyiko wa hewa na petroli takriban mara nne. Plagi ilifungwa kwa meno ya bomba ya nusu inchi, kama yale ya mafundi wa mabomba ya maji. Katika injini pole namna hiyo karibu plagi yoyote ilifanya kazi, mradi kauri haijapasuka na oili haijaifunika. Nyingi zilifunguka vipande viwili ili mwenye gari asugue masizi mwenyewe kando ya barabara. Pale ambapo kila bidhaa inafanya kazi, muuzaji hushindana kwa maneno, na ndivyo ilivyokuwa: zilitangazwa plagi za ncha nyingi, plagi zenye kidirisha cha kioo ili uone moto ukiwaka, plagi zilizoahidi kupunguza matumizi ya petroli na kuongeza nguvu. Wakusanyaji wa Marekani wanajua maelfu ya majina ya plagi za enzi hizo, na mengi hayakuacha chochote zaidi ya jina.

Mawili yaliyobaki yana kisa chake. Albert Champion, Mfaransa aliyeshinda mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 1899, alihamia Marekani na kuanzisha kampuni yake Boston mwaka 1905. Alipoachana na wabia wake, ndugu wa ukoo wa Stranahan, alikwenda Flint kufanya kazi na William Durant wa General Motors. Wabia walibaki na jina lake, wakalipeleka Toledo. Yeye akalazimika kutumia herufi za mwanzo, AC. Hivyo plagi za Champion na za AC, zilizogombea soko moja kwa miongo kadhaa, zote mbili zimebeba jina la mtu yuleyule.

Ndege ndizo zilizofichua kwamba swali lilikuwa jingine. Injini ya gari hupumzika kila dereva anapopunguza mwendo, lakini injini ya ndege ya vita ilifanya kazi kwa nguvu karibu zote kwa saa nzima, na plagi iliyotosha barabarani ilishindwa angani. Ncha yake ilipata moto mpaka ikawa inawasha mchanganyiko yenyewe kabla ya cheche kufika, na injini inayowaka kabla ya wakati hutoboa pistoni zake. Kauri za wakati huo nazo zilipasuka kwa kupata moto na kupoa ghafla. Uingereza, dereva wa mashindano Kenelm Lee Guinness alitengeneza plagi zenye kihami cha ulanga katika kiwanda chake cha KLG, Putney Vale, pembeni mwa London, nazo zikatumika sana katika ndege. Ulanga wenyewe haukuwa mgeni Afrika Mashariki, kwani Wajerumani walikuwa wakiuchimba katika milima ya Uluguru kabla ya vita hivyo, ingawa muuzaji mkubwa wa dunia alikuwa India. Marekani, Ofisi ya Viwango ya serikali ilizichunguza plagi za ndege moja baada ya nyingine, na matokeo yakachapishwa katika ripoti za NACA, kamati ya utafiti wa anga. Ripoti hizo zilichambua namna plagi inavyokufa: masizi na oili, kihami kupasuka, umeme kuvuja, kuwaka kabla ya wakati. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona kwamba karibu kila kifo ni cha kupata joto kupita kiasi au cha kulikosa.

Kuanzia hapo hoja ya joto ilipata msingi. Plagi ina pua ya kauri inayoingia ndani ya silinda. Pua ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye chuma cha plagi na kutoka kupitia silinda hedi, kwa hiyo ncha hubaki na moto. Hiyo ndiyo plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi. Hiyo ndiyo plagi baridi. Ncha isipofika takriban nyuzi 450 za Selsiasi, masizi hayaungui, yanajikusanya, umeme unapita juu yake badala ya kuruka mwanya, na gari linaanza kumisi. Ikipita takriban nyuzi 850 na kuendelea kupanda, hatari ya kuwaka kabla ya wakati inaanza. Kazi yote ya kuchagua plagi ni kuiweka ncha katikati ya mipaka hiyo miwili, kwa injini fulani inayoendeshwa kwa namna fulani. Mwaka 1927 Bosch ilianza kuzipa plagi zake namba ya joto, na wazo la awali lilikuwa kupima muda ambao plagi inavumilia katika injini ya majaribio kabla haijaanza kuwasha yenyewe. Inayovumilia zaidi ilipata namba kubwa zaidi. Hiyo ndiyo asili ya 145 katika kitabu cha Beetle.

Ingefaa dunia nzima iifuate Bosch, lakini kila kampuni ilishika lake, na uharibifu wa jambo hilo bado unaonekana gerejini. Kwa Champion, namba kubwa ni plagi ya moto: N9 ni ya moto kuliko N5. NGK, iliyoanza Nagoya mwaka 1936, ilikwenda kinyume: 8 ni baridi kuliko 5. Bosch nayo, baada ya miaka mingi ya namba za mamia, ilibadilisha mfumo na kuugeuza kichwa chini, hata W8 ya sasa ikawa ya moto kuliko W7, wakati W 145 ya zamani ilikuwa ya moto kuliko W 175. Hatua za kampuni moja pia si sawa na hatua za nyingine, kwa hiyo jedwali la kubadilisha namba ni makadirio ya karibu, hata likiwa limechapwa vizuri namna gani. Anayeamini kwamba namba kubwa ndiyo plagi kali, akinunua NGK, ataweka plagi baridi katika gari linalozunguka mjini tu, kisha atalaumu kabureta.

Kihami nacho kilibadilika. Champion ilichimba madini ya jamii ya silimanaiti katika milima ya California kwa ajili ya kauri zake; katika miaka ya 1930 Wajerumani na wengine wakaanza kutumia alumina iliyookwa kwa joto kali, na baada ya Vita vya Pili ulanga haukuwa na nafasi tena. Mabadiliko haya ni muhimu kwa mwenye gari la zamani kwa sababu moja: plagi ya leo ina eneo pana zaidi la joto la kufanyia kazi kuliko plagi iliyobeba namba hiyohiyo miaka ya 1930.

Kisha kuna petroli, na hapa ndipo namba ya kitabuni inapodhoofika zaidi. Desemba 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi, ikiwekwa katika petroli kwa umbo la kimiminiko cha tetraethili, huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton, Ohio, Februari 1923. Iliwawezesha watengenezaji kuongeza kompresheni, na kompresheni iliongeza joto. Lakini risasi haikutoka yote kwenye ekzosi. Mabaki yake yalishika kwenye pua ya plagi, na yalipopata moto yalipitisha umeme, hivyo plagi iliyokuwa nzima mjini iliweza kushindwa ghafla kwenye mwendo wa kasi. Ushauri wa kubadilisha plagi kila maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, unaoonekana katika vitabu vingi vya miaka ya 1950 na 1960, ulitolewa katika dunia ya petroli hiyo. Namba za joto zilizochapwa humo zilichaguliwa katika dunia hiyohiyo, na mhandisi aliyezichagua alilazimika kupatanisha masizi, risasi na kompresheni kwa wakati mmoja. Leo risasi haipo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimekwisha kuacha kuiuza. Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha Julai 2021. Mazungumzo ya wenye magari ya zamani kuhusu mabadiliko hayo yamehusu valvu karibu peke yake, yakaisahau plagi, wakati plagi ndiyo iliyokuwa ikila risasi kila siku.

Pingamizi la kwanza ni zito nami silipuuzi: wahandisi waliotengeneza gari walilipima mchana na usiku, wana vyombo ambavyo fundi wa mtaani hana, basi nani awasahihishe? Jibu ni kwamba hawasahihishwi. Walijibu swali walilokuwa nalo, na swali letu limebadilika. Waliipima injini mpya, yenye ringi zinazobana, ikinywa petroli ya wakati wao, kwa wastani wa madereva wa wakati wao. Injini ya miaka sitini inayopitisha oili kidogo kwenye silinda, inayotolewa Jumapili kwenda kilomita tano na kurudi, haifikishi ncha ya plagi kwenye joto ambalo wahandisi walilitegemea. Ongeza mwinuko wa nchi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Kabureta ya zamani haina akili ya kulitambua hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile katika hewa iliyopungua, mchanganyiko unakuwa mzito, injini inatoa nguvu kidogo, plagi inapoa na kushika masizi. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ambayo Volkswagen ya Vic Preston iliyashinda mwaka 1954, yaliyapitisha magari ya kawaida kutoka joto la nyanda za chini hadi baridi ya milimani kwa mbio moja. Injini moja ilipita katika hali ambazo kitabu kimoja kilichochapwa Ulaya kisingeweza kuzitolea namba moja iliyo bora kwa zote.

Pingamizi la pili hutoka upande wa pili kabisa. Wazee, tunaambiwa, walifunga plagi yoyote iliyopatikana, na magari yalikwenda. Ni kweli yalikwenda. Lakini wanaosema hivyo husahau sehemu ya pili ya desturi ya wazee: plagi zilifunguliwa mara kwa mara, zikasuguliwa kwa brashi ya waya au kupigwa mchanga kwa mashine, mwanya ukapimwa upya, zikarudishwa. Uvumilivu haukuwa wa plagi, ulikuwa wa mikono ya fundi. Tena kompresheni ya magari mengi ya wakati huo ilikuwa ndogo, kwa hiyo kosa la joto halikuua injini upesi. Ni kosa jingine lililoua upesi, nalo halina uvumilivu hata leo: urefu wa meno. Silinda hedi ya Beetle inataka meno ya kipenyo cha milimita 14 na urefu wa milimita 12.7, plagi nyingi za magari ya baadaye zina kipenyo hichohicho lakini urefu wa milimita 19. Itaingia vizuri kabisa, na pistoni huenda ikaigonga. Hapo hakuna mjadala wa historia wala wa falsafa.

Pingamizi la tatu ndilo la kisasa: kwa nini tuhangaike na haya yote wakati kuna plagi za iridiamu? Sifa yake ni ya kweli. Ncha nyembamba huhitaji volti kidogo ili kuruka mwanya, na chuma chenyewe kinachakaa polepole sana. Lakini kuchakaa kwa elektrodi si ugonjwa wa gari linalotembea kilomita mia chache kwa mwaka. Ugonjwa wake ni masizi, na ncha nyembamba ya iridiamu haisuguliwi kwa brashi ya waya bila kuharibika. Pia iridiamu haibadilishi kanuni ya joto: plagi ya iridiamu yenye namba isiyofaa ni plagi isiyofaa iliyogharimu zaidi. Mwanya nao una historia yake. Beetle nyingi zilikuwa na umeme wa volti 6 mpaka katikati ya miaka ya 1960, na koili ya pointi hutoa umeme kidogo kuliko mifumo ya kielektroniki. Ndiyo maana vitabu vyao vinataka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi nyingi za sasa hutoka kiwandani zikiwa na mwanya mpana zaidi. Kuzifunga jinsi zilivyotoka katika boksi ni kuidai koili ya zamani kazi ambayo haikuumbiwa.

Wapo pia wapenda uasilia, wanaotaka plagi iliyotengenezwa mwaka uleule wa gari, ikiwa bado katika boksi lake la kadibodi. Nawaheshimu, na kwa gari la maonyesho wana haki. Lakini wajue kwamba hata wakati wake plagi ilikuwa kitu cha kutumika na kutupwa, ikibadilishwa mara nyingi katika maisha ya gari moja, na gari la mwaka 1955 lililotumika barabarani halikutarajiwa kubaki na plagi za kiwandani hadi 1965. Uasilia wa kifaa ambacho mtengenezaji mwenyewe aliagiza kibadilishwe kila kilomita 16,000 ni uasilia wa kubuni. Hata herufi R, inayochukiwa na wengi wao kama alama ya plagi ya kisasa yenye rezista, ina umri mkubwa kuliko magari mengi wanayoyatunza: Uingereza ilitunga kanuni za kuzuia magari kuvuruga televisheni mwaka 1952, na plagi zenye rezista zilikuwepo tayari. Gari lenye waya na vichwa vya plagi vyenye rezista halihitaji nyingine ndani ya plagi, hayo ni ya kupima. Kuiita ushenzi wa kisasa ni kutojua tarehe.

Basi anza na plagi inayolingana na ya kitabuni kwa kipenyo, urefu wa meno na namba ya joto, iliyonunuliwa kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu plagi bandia hubeba namba ambayo hakuna aliyeipima. Pima mwanya mwenyewe. Endesha gari kama unavyoliendesha siku zote kwa wiki kadhaa, kisha zifungue. Usitafute rangi ya kahawia iliyoiva inayosifiwa katika vitabu vya zamani, kwani risasi ilichangia rangi hiyo. Petroli ya sasa huacha pua ikiwa nyeupe zaidi hata mambo yakiwa sawa. Ukikuta masizi makavu meusi, rekebisha kabureta kwanza. Yakiendelea, nenda hatua moja kwenye plagi ya moto. Ukikuta pua imepauka kama chokaa na ncha za elektrodi zimeanza kuyeyuka, simamisha gari, tafuta chanzo cha joto, na urudi hatua moja kwenye baridi. Usiruke hatua mbili kwa mara moja. Na zibadilishe zote nne pamoja, za kampuni moja na namba moja, kwa sababu hali ya plagi moja haikuambii chochote kuhusu injini ikiwa jirani yake ni ya joto jingine.